Usukani, Padi na Miwani ya Michezo ya Magari: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Mchikichini anayetaka mashine ya gemu hahitaji kusafiri mbali. Akivuka kwa miguu tu yuko Kariakoo, na huko atakuta mashine mpya na zilizotumika, padi za kila aina, usukani wenye pedali zake, na siku hizi hata miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho yote mawili na kumfanya mchezaji ajione ameketi ndani ya gari. Wanaovinunua vifaa hivi ni wazazi, vijana waliodunduliza, na wenye vibanda vya gemu wanaotarajia kurudisha mtaji wao kidogo kidogo kutoka mifukoni mwa watoto wa mtaa. Kwa wengi wao fedha hiyo ni akiba ya miezi mingi.

Hasara katika ununuzi huu si lazima itokane na kifaa kibovu. Mnunuzi anaweza kuuziwa kifaa kizima, halisi, chenye boksi lake, kisha akakuta hakipatani na mashine aliyo nayo nyumbani. Vifaa vya michezo ya magari huenda kwa koo. Usukani wa ukoo mmoja hautambuliwi na mashine ya ukoo mwingine, na ndani ya ukoo mmoja kuna vizazi visivyoelewana.

Swali linaloulizwa dukani mara nyingi ni fupi: “Kaka, hii inaingia kwenye PS4?” Na jibu huwa fupi vilevile: “Inaingia, bosi.” Huenda muuzaji hakusema uongo. Waya unaweza kuingia kabisa, hasa ukiongezewa kiungo cha kubadilisha ncha, lakini mashine isikitambue kifaa. Mnunuzi aulize jambo jingine: je, kifaa hiki kitaendesha mchezo fulani, kwa jina lake, katika mashine fulani, kwa namba ya toleo lake? Kisha aombe kuoneshwa.

Miwani

Tuanze na miwani, kwa kuwa ndiyo ghali kuliko vyote na ndiyo yenye mitego mingi. Kampuni ya Sony imetoa miwani ya aina mbili. Ya kwanza, PlayStation VR, ilitoka Oktoba 2016 kwa ajili ya PS4. Huja na kisanduku cha kuunganishia na nyaya nyingi, na haifanyi kazi bila kamera ya PS4. Ya pili, PlayStation VR2, ilitoka tarehe 22 Februari 2023 na hutumika na PS5 kwa waya mmoja. Miwani hii ya pili haifanyi kazi na PS4 kwa namna yoyote, hata ukitafuta waya wa kugeuzia. Ile ya kwanza inaweza kutumika na PS5, ila kwa adapta maalumu ya kamera, na kamera yenyewe lazima iwe ile ya PS4. Kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya PS5 haisaidii.

Hapo bado hatujafika kwenye mchezo wenyewe. Gran Turismo 7, mchezo wa magari uliotoka Machi 2022 kwa PS4 na PS5, huchezwa kwa uhalisia pepe katika PS5 yenye VR2 pekee. Aliyenunua miwani ya kwanza kwa ajili ya mchezo huo ataendelea kuutazama kwenye televisheni. Gran Turismo Sport wa mwaka 2017 uliikubali miwani ya kwanza, lakini kwa sehemu ndogo tu, ambapo mchezaji hushindana na gari moja. Kuhusu mashine za Xbox, jibu ni jepesi: hazina miwani ya uhalisia pepe ya kwao, wala haziipokei ya PlayStation.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo ni rahisi kwa bei na huvutia macho mezani: kasha la plastiki lenye lenzi mbili na nafasi ya kupachika simu. Hiki si kifaa cha mashine ya gemu. Hakina kioo cha picha wala kihisi chake chenyewe. Picha ni ya simu yako. Anayekiuza kwa jina hilo hana kosa, lakini anayekiuza kwa kauli kwamba “kinacheza na PS” anampotosha mlaji.

Miwani iliyotumika ikaguliwe lenzi kwanza. Lenzi za vifaa hivi hufanya kazi kama kioo cha kukuza: jua likizipiga moja kwa moja, hata kwa muda mfupi, hukusanya mwanga na kuunguza kioo cha picha kilicho nyuma yake. Doa hilo halitengenezeki kwa kufuta. Kwa jua la Dar es Salaam, miwani iliyopangwa barazani lenzi zikitazama juu ni ya kutiliwa shaka, na nyumbani isiwekwe karibu na dirisha. Iwashwe, ivaliwe, na picha itazamwe kwa kila jicho peke yake.

Usukani na padi

Usukani una mkanganyiko wa majina. Logitech G29 ni wa PlayStation na kompyuta. G920, unaofanana nao sana, ni wa Xbox na kompyuta. G923 umetengenezwa katika matoleo mawili yenye jina hilohilo, moja la PlayStation na jingine la Xbox, na tofauti huonekana kwenye boksi na kwenye alama za vitufe. Mnunuzi asitosheke na namba, atazame vitufe. Ahakikishe pia kuwa pedali zipo na adapta ya umeme ni yake, kwa kuwa usukani wa aina hii una mota inayovuta na kutikisa mikono kwa kufuata barabara, na bila umeme wake mota hiyo haifanyi kazi. Usukani wa bei ya chini mara nyingi hauna mota. Hurudi katikati kwa springi au mpira. Si kosa kuununua, mradi ujue ndicho unacholipia.

Kuna usukani mwingine ambao ni ganda tu. Mwaka 2008 Nintendo ilitoa Mario Kart Wii pamoja na usukani wa plastiki usio na umeme wowote ndani: mchezaji hupachika rimoti ya Wii katikati, na rimoti ndiyo inayohisi mikono ikigeuka. Maganda ya namna hiyo yapo pia kwa ajili ya vishikio vya Nintendo Switch. Ukiuziwa ganda peke yake bila rimoti, umenunua plastiki.

Kuendesha kwa kuinamisha mikono, hata hivyo, hakuhitaji usukani. Padi halisi za PS4 na PS5 zina kihisi cha mwendo ndani, na Gran Turismo 7 humruhusu mchezaji kugeuza gari kwa kuinamisha padi. Vivyo hivyo Mario Kart 8 Deluxe katika Switch. Kwa familia nyingi hii ndiyo njia ya busara ya kuanzia, kwani haiongezi gharama yoyote juu ya padi iliyopo. Padi za kawaida za Xbox hazina kihisi hicho. Na hapa ndipo padi bandia hujulikana: baadhi hufanana na halisi kwa rangi na vitufe, lakini ndani hazina kihisi cha mwendo, au kipo kisichotulia. Kuijaribu kwa kubonyeza vitufe pekee hakutaifichua. Ijaribiwe kwa kuinamishwa ndani ya mchezo.

Umeme, akaunti na bando

Umeme wetu ni volti 230. Mashine zilizotumika kutoka Japani au Marekani huenda zilitengenezwa kwa volti 100 au 120 pekee, hasa zile za zamani zenye adapta ya nje. Soma kibandiko cha mashine na cha adapta. Kikiandikwa 100–240V, hakuna tatizo. Kikiandikwa 120V peke yake, kuichomeka ukutani bila transfoma ni kuiunguza.

Gharama iliyojificha zaidi ni ya intaneti. Gran Turismo 7 huchukua takriban gigabaiti 100 au zaidi, na hata mwenye diski hutakiwa kupakua masasisho makubwa. Mchezo huo pia huhitaji kuunganishwa na intaneti katika sehemu zake nyingi, hata kwa anayecheza peke yake. Takriban wiki mbili baada ya kutoka kwake, hitilafu ya sasisho iliwafungia wachezaji wa dunia nzima kwa zaidi ya saa 30. Mwenye kibanda anayetegemea bando la simu apige hesabu ya jambo hili kabla ya kununua mashine ya pili.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi zenye duka rasmi la mtandaoni la PlayStation. Watumiaji wengi hufungua akaunti kwa anwani ya nchi nyingine, na kadi za malipo hufuata nchi ya akaunti: kadi ya Marekani haiongezi salio katika akaunti ya Afrika Kusini. Muulize muuzaji kadi ni ya nchi gani kabla haijakwanguliwa. Kwa mashine iliyotumika, hakikisha akaunti ya mmiliki wa awali imeondolewa mbele yako na kwamba mashine haijafungiwa na kampuni kuingia mtandaoni. Mashine iliyochezewa mfumo wake ili isome michezo ya kunakili inaweza kufungiwa wakati wowote, na bei yake ndogo ndiyo inayopaswa kukupa wasiwasi.

Afya ya mtumiaji

Katika mbio za magari kwa miwani, macho huona gari likikata kona kwa kasi huku sikio la ndani likihisi mwili umetulia kitini. Mgongano huo huleta kichefuchefu, jasho na kizunguzungu kwa watu wengi, na michezo ya magari ni miongoni mwa inayousababisha zaidi. Anza kwa dakika chache, na acha mara dalili zinapoanza, kujikaza huzidisha. Usiendeshe pikipiki wala gari mara tu baada ya kuvua miwani. Mwenye historia ya kifafa apate kwanza ushauri wa daktari. Sony inaelekeza kuwa VR2 isitumiwe na watoto walio chini ya miaka 12, agizo ambalo mwenye kibanda analazimika kulizingatia kuliko hata mzazi, kwa sababu wateja wake wengi ni wa umri huo.

Mchezaji aliyeketi anahitaji nafasi ya takriban mita moja kwa mita moja isiyo na kitu. Michezo ya kusimama na kutembea huhitaji angalau mita mbili kwa mbili, ambazo vyumba vingi vya kupanga mjini havina. Mbio za magari, kwa bahati nzuri, huchezwa kwa kukaa.

Miwani inayovaliwa na watu wengi hupitisha maradhi ya macho. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka jinsi ugonjwa wa macho mekundu ulivyoenea mwanzoni mwa 2024. Kibandani, sehemu inayogusa uso ifutwe baada ya kila mteja, na lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, si kwa spiriti. Mwenye macho mekundu asipewe zamu, hata akiwa ameshalipa.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji na kauli za uongo kuhusu bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inatambua kwamba mnunuzi anapomjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia, na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo kulitamka kusudio lako ni ulinzi wa kisheria. Sema wazi: “Nataka usukani wa kuchezea Gran Turismo 7 kwenye PS5.” Omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti pamoja na jina kamili la kifaa, namba yake ya utambulisho, na iwapo ni kipya au kimetumika. Risiti iliyoandikwa “vifaa vya gemu” haitakusaidia. Maandishi ya ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hayampi muuzaji ruhusa ya kutoa kauli ya uongo.

Nenda dukani na mashine yako ikiwezekana. Maduka mengi yana televisheni ya kujaribia. Anayekataa kifaa kijaribiwe kabla ya malipo amekwisha kukupa taarifa muhimu. Dai risiti ya EFD, na utunze ujumbe wa malipo ya simu.

Kifaa kikigoma, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti, boksi na vifaa vyote vilivyokuja nacho, na mweleze kosa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Asipokusikiliza, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Adapta inayopata moto au kutoa cheche ni suala la Shirika la Viwango Tanzania. Acha kuitumia na usiitupe, kwa kuwa itahitajika kuchunguzwa. Na kabla lalamiko halijasikilizwa, usimpe fundi wa mtaani afungue kifaa: parafujo ikishalegezwa, muuzaji atasema uharibifu ulifanyika mikononi mwako, na itakuwa vigumu kumpinga.