Protini Inayojijenga Bila Fundi

Ebola ilipothibitishwa mjini Goma tarehe 14 Julai 2019, ndoo za maji ya klorini zilisimama milangoni mwa maduka na makanisa, na mtaa wa Himbi haukuachwa nyuma. Watu walinawa, wakapimwa homa, wakaendelea na safari zao. Maneno nayo yalikuwa mengi: wengine waliapa kwamba Ebola ni biashara tu. Hata walioiamini waliizungumzia kama mdudu mwenye akili, anayepanga amuingie nani. Kirusi hicho hakina akili wala ubongo. Kinachokiwezesha ni umbo la protini zake.

Ebola ina jeni saba tu, zilizoandikwa kwenye uzi wa RNA wenye herufi zipatazo 19,000. Moja ya jeni hizo hutengeneza protini iitwayo VP40, na hapo ndipo penye maajabu. VP40 mbili zikikutana ndani ya seli hushikana, zikaonekana kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Jozi hizo huelekea kwenye utando wa seli, hujipanga moja baada ya nyingine, na kuusukuma utando utokeze nje kama uzi mrefu wenye upana wa nanomita 80 hivi. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko uzi huo mara elfu moja.

Mwaka 2013, kundi la Erica Ollmann Saphire huko Marekani lilionyesha kwamba protini hiyohiyo hujikunja pia kwa namna nyingine: nane hufunga pete inayokamata RNA, na kazi yake hapo si ujenzi tena bali ni kudhibiti usomaji wa jeni za kirusi. Wanasayansi wakiiweka jeni ya VP40 peke yake katika seli za maabara, seli hizo hutoa nyuzi zinazofanana na Ebola, ingawa ndani ni tupu na haziwezi kumwambukiza mtu. Hakuna ramani wala msimamizi. Kila kipande hunasa penye umbo na chaji inayokifaa.

Udhaifu wa jengo hili ni ngozi yake. Kirusi hutoka kimevaa utando wa mafuta kiliouiba kwenye seli, na molekuli za sabuni, zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa, hujipenyeza katika utando huo na kuurarua. Kisha huyazingira mafuta na kuwa vijitufe, navyo hujiunda vyenyewe. Lakini sabuni bila maji haifui dafu, na ni aibu kwamba katika mji uliokaa ukingoni mwa Ziwa Kivu watu bado wanapanga foleni na vidumu.

Binadamu ameuiga ufundi huo wa vitu kujijenga vyenyewe. Mwaka 2006, Paul Rothemund wa California alichukua uzi mrefu wa DNA ya kirusi cha bakteria, wenye herufi zaidi ya 7,000, akauchanganya na vipande vifupi zaidi ya 200 alivyovichagua kwa hesabu. Akapasha moto mchanganyiko, akauacha upoe. A ikaifuata T, C ikaifuata G, na uzi ukajikunja kuwa nyota na nyuso zinazocheka, mabilioni kwa mpigo mmoja.

Matumizi? Visanduku vya DNA vya kubebea dawa, ambavyo bado vingi viko maabara. Chanjo ya homa ya ini B, ambayo protini zake hujikusanya kuwa chembe. Chanjo ya HPV. Na R21 ya malaria, iliyojaribiwa Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa vituo vingine, kisha ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023.