Mtumwa, Mateka na Mtumishi: Istilahi za Historia ya Utumwa katika Madarasa ya Chini

Walimu na wafasiri wa vitabu vya shule hutuuliza kama neno mtumwa linafaa kutumiwa mbele ya watoto wa miaka saba au minane. Wako wanaopendekeza lifutwe, pawekwe mtumishi. Pendekezo hilo hatulikubali. Mtumishi huajiriwa, hulipwa mshahara, na aweza kuacha kazi. Msomaji wetu aliye mtumishi wa serikali hana haja ya kuelezwa tofauti hiyo. Mtoto ndiye mwenye haja nayo, maana mtumwa, mtumishi na hata mtume yametokana na shina moja la tuma.

Taabu kubwa zaidi haimo katika neno bali katika sentensi. Aghalabu huandikwa: "Watumwa walikamatwa bara wakaletwa pwani." Waliokamatwa karibu na Ziwa Nyasa hawakuwa watumwa siku ile, walikuwa wakulima, wavuvi, akina mama na watoto wao. Sentensi imewapa jina la utumwa kabla tendo halijatendeka, na mtoto aisomaye hudhani palikuwa na kabila la watu waliozaliwa kwa kazi hiyo. Tena, kauli ya kutendwa imemficha mtenda.

Tunashauri iandikwe: "Watu wenye silaha waliwateka wanakijiji. Wafanyabiashara waliwanunua mateka hao, wakawapeleka Kilwa kwa miguu, wakawauza." Hapo mtoto anaona hatua tatu: mtu huru, kisha mateka, kisha mtumwa, yaani mtu anayemilikiwa na mwingine. Watenda nao watajwe kama walivyokuwa: watawala wa bara waliouza mateka, wenye misafara Waarabu na Waswahili, wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, na Wafaransa ambao katika karne ya 18 walinunua watu Kilwa kwa ajili ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Orodha ni ndefu kwa darasa la pili, lakini ikitajwa jamii moja tu, mtoto wa jamii hiyo ndiye atakayetazamwa vibaya na wenziwe wakati wa mapumziko.

Mtwana na mjakazi ni istilahi sahihi za mtumwa mwanamume na mtumwa mwanamke, ila tungeziweka akiba hadi sekondari. Mtwana ni tusi, ingawa Kitwana ni jina la heshima la wanaume wengi.

Pia biashara ya watumwa isichanganywe na utumwa. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Watumwa waliokuwa mashambani walibaki watumwa. Sheria iliacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922.

Linabaki swali la zoezi ambalo walimu hulipenda: "Ni nani aliyewapa watumwa uhuru?" Swali hili limekwisha kuamua kwamba uhuru ulitolewa na mtu mwingine. Watoro wa Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kenya, walitoroka mashambani wakajijengea makazi yao kabla ya sheria hizo za kufuta utumwa. Afadhali mwalimu aulize: "Watumwa walipataje uhuru?"