Nyumba ya Mawe ya Urithi: Tengeneza Kwanza, Kisha Ongeza

Mara nyingi tukisema maendeleo tunafikiria nyumba mpya. Leo tuzungumze juu ya nyumba ya zamani. Tunachukua mfano wa mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zake za mawe zimesongamana, nyingine zimeshikana ukuta kwa ukuta.

Jamaa aliyerithi nyumba kama hiyo huwa na shida mbili: paa linavuja, na watoto wamezidi vyumba. Wengi huchoka wakauzia wageni. Pesa huisha, na kurudi mjini huwa vigumu. Je, kuna njia ya kubaki? Iko, mkifuata utaratibu.

1. Kubalianeni. Nyumba ya mirathi ina wenyewe wengi. Ndugu wote wakae chini, waandike nani atakaa wapi na nani atachanga nini. Jirani wa ukuta mmoja naye aambiwe mapema, maana ukigonga kwako, kwake kunatikisika.

2. Ombeni ruhusa. Mji huu unalindwa na sheria. Kabla ya kubomoa au kuongeza chochote, pelekeni mchoro kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko Lamu na kwa kaunti. Ukianza kimyakimya waweza kuambiwa ubomoe.

3. Zuieni maji. Hapa ndipo pesa ya kwanza iende, si kwenye rangi. Dari hushikwa na boriti za mikoko. Maji ya paa au ya bafu yakiingia, boriti huoza kwenye ncha zilizozama ukutani, mahali usipopaona. Fundi azigonge moja moja. Iliyooza hubadilishwa, na dari hutegemezwa kwanza kwa nguzo.

4. Tumieni chokaa, si simiti. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, kama mtu anavyotoa jasho. Ukiupaka simiti, umemvika mtu huyo koti la mvua kwenye jua kali. Maji hubaki ndani, chumvi hula jiwe, na plasta hubanduka. Chokaa hukauka polepole, kwa hivyo ipakwe kidogo kidogo na inyunyiziwe maji isipasuke. Nondo nazo hushika kutu upesi kwa chumvi ya pwani.

5. Sasa ongezeni nafasi. Vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Usivunje ukuta wa kati ili upate sebule kubwa. Ukuta huo umebeba ghorofa. Pia usifunike uwanja wa ndani, ule unaoitwa kiwanda, ukaufanya chumba. Mwanga na hewa ya nyumba nzima hutoka hapo. Chumba kimoja kirefu chaweza kugawanywa kwa mbao au pazia zito. Mkitaka kupanda juu, fundi apime kwanza kama kuta zitabeba, na mjenge kitu chepesi. Makuti ni mepesi na yana baridi, lakini hushika moto haraka, kwa hivyo jiko lisiwe chini yake. Bafu jipya likae juu ya bafu la zamani, ili bomba za maji machafu zisizunguke kila ukuta.

Kazi hii si ya mwaka mmoja. Hapa ndipo kikundi kina faida. Familia tano zikichanga kila mwezi, zaweza kununua chokaa na boriti pamoja na kumlipa fundi mmoja kwa zamu: paa la huyu msimu huu, la yule msimu ujao. Vijana wa kikundi wamsaidie fundi huyo, wajifunze kazi ya chokaa, maana wazee wanaoijua wanapungua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kabla ya mvua za masika pandeni juu ya paa, mtazame.