KAWIA UFIKE: MAISHA NA KAZI ZA SEICHO MATSUMOTO

Wahenga hawakukosea waliponena, "Kawia ufike." Methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi, lakini ni wangapi kati yetu wanaoiamini? Sisi wa kidato cha nne hasa tumejitia akilini kwamba mtihani mmoja ukiteleza, basi maisha yamekwisha. Tena kuna wenzangu ambao kila wakiniona na kitabu cha upelelezi hunicheka na kusema, "Wacha hizo za kupotezea wakati, soma fasihi!" Wapenzi wasomaji, leo nataka kuwajibu wote hao kwa mfano wa mtu mmoja tu. Naye ni Seicho Matsumoto, mwandishi wa Japani.

Matsumoto alizaliwa mwaka wa 1909 na sehemu kubwa ya ujana wake aliipitisha Kokura, mji wa viwanda ulioko kisiwa cha Kyushu. Wazazi wake walikuwa hohehahe. Alipomaliza masomo ya msingi, pesa za kumpeleka shule ya upili hazikuwako. Akawa tarishi katika ofisi ya kampuni ya vifaa vya umeme. Hebu fikiria, unatumwa huku na huko na barua, na wale uliosoma nao wanakupita na sare zao mpya!

Baadaye akawa mwanagenzi katika kazi ya kupiga chapa, akajifunza kuchora maandishi na picha za matangazo. Jioni alisoma vitabu. Mwaka wa 1929 polisi walimtia ndani siku kadhaa kwa kushukiwa kwamba alisoma maandishi ya watu wa mrengo wa kushoto. Baba yake alivichoma moto vitabu vyake na kumkataza kusoma. Lakini mtu aliyeonja asali hachongi mzinga mmoja.

Hatimaye alipata kazi katika gazeti la Asahi, tawi la Kokura. Msidhani alikuwa mwandishi wa habari, la hasha! Kazi yake ilikuwa kuchora na kupanga matangazo ya biashara. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliandikishwa jeshini na kupelekwa Korea kama askari wa huduma za matibabu. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Japani ilikuwa magofu na njaa. Mshahara haukuwatosha wazazi, mke na watoto, kwa hivyo siku za mapumziko alipanda garimoshi kuuza mifagio katika maduka ya miji mbalimbali. Naam, mifagio!

Sasa hapa ndipo penye kiini cha habari. Mwaka wa 1950 jarida la Shukan Asahi lilitangaza shindano la kuandika hadithi. Matsumoto, ambaye alikuwa anakaribia kutimiza miaka 41, alijaribu bahati yake. Aliandika kuhusu noti za pesa zilizotolewa na waasi wa Saigo Takamori katika vita vya mwaka wa 1877. Akashika nafasi ya tatu. Wengine wangesema, "Ah, namba tatu tu!" Yeye alisema nafsini mwake kwamba mlango umefunguka.

Japani kuna tuzo mbili maarufu zilizoanzishwa mwaka wa 1935. Tuzo ya Akutagawa ni ya ile wanayoiita fasihi safi, na Tuzo ya Naoki ni ya hadithi pendwa. Matsumoto aliandika hadithi ya kijana mlemavu wa Kokura anayejitahidi kukusanya habari za miaka ambayo mwandishi mkubwa Mori Ogai aliishi mjini humo, kwa sababu shajara ya miaka hiyo ilikuwa imepotea. Kijana anahangaika mpaka anakufa, na baada ya kifo chake shajara yenyewe inapatikana! Hadithi hii ilipendekezwa kwa Tuzo ya Naoki, kisha ikahamishiwa upande wa pili, ikashinda Tuzo ya Akutagawa ya nusu ya pili ya mwaka wa 1952. Basi niulize: ukuta kati ya fasihi "safi" na hadithi "za kupotezea wakati" uko wapi hasa, ikiwa hadithi moja iliweza kuuruka?

Mwaka wa 1953 alihamia Tokyo, na mwaka wa 1956 akaacha kazi ya gazeti ili aishi kwa kalamu. Ndipo akaingia katika upelelezi. Kabla yake, hadithi nyingi za aina hiyo nchini mwake zilijaa majumba ya kutisha na vifo vya ajabuajabu. Yeye alizileta stesheni, ofisini na mitaani. Swali lake kubwa halikuwa "nani ameua?" peke yake. Liliingia ndani zaidi: "Kwa nini mtu wa kawaida amefika mahali pa kuua?"

Mathalani Ten to Sen, yaani Nukta na Mistari, iliyotoka kitabuni mwaka wa 1958. Maiti za mwanamume na mwanamke zinapatikana ufuoni Kyushu, na polisi wanadhani ni wapenzi waliojiua pamoja. Lakini marehemu alikuwa afisa wa wizara iliyokuwa ikichunguzwa kwa hongo. Fundo la hadithi ni dakika nne tu! Katika stesheni ya Tokyo, mtu aliyesimama jukwaa namba 13 angeweza kuona jukwaa namba 15 kwa dakika nne za jioni, wakati hakuna garimoshi la kumkinga. Je, walioonekana pale walionekana kwa bahati, au kuna aliyepanga waonekane? Sitasema, kisomeni wenyewe.

Mimi nilivutiwa zaidi na Suna no Utsuwa, yaani Chombo cha Mchanga, ya mwaka wa 1961. Mzee ameuawa Tokyo, na waliomsikia akizungumza wanasema lafudhi yake ilikuwa ya kaskazini-mashariki. Mpelelezi Imanishi anaenda huko, wapi! Baadaye anaambiwa na wataalamu wa lugha kwamba kuna sehemu ndogo ya magharibi, huko Izumo, ambako watu hutamka karibu vilevile. Sisi wana Kiswahili, tunaosomeshwa tofauti za Kimvita, Kiamu na Kiunguja, tuone jinsi lahaja inavyoweza kumfichua muuaji! Ndani ya hadithi hiyo mna pia uchungu wa wagonjwa wa ukoma, waliofukuzwa vijijini. Sheria ya Japani ya kuwatenga wagonjwa hao ilifutwa mwaka wa 1996 tu.

Hakuishia hapo. Mwaka wa 1960 alichunguza matukio ya kweli ya wakati Marekani ilipoitawala Japani baada ya vita, kama vile kifo cha mkuu wa shirika la reli mwaka wa 1949. Si wote waliokubaliana na maoni yake, lakini walisoma. Aliandika pia riwaya za kihistoria, historia ya miaka ya kabla ya vita, hata habari za falme za kale. Kazi ilikuwa nyingi hata mkono ukakataa kuandika, akawa anatamka huku mwenzake akinakili kwa hati mkato. Alifariki tarehe 4 Agosti 1992, akiwa na miaka 82. Mwaka wa 1998 jumba la kumbukumbu yake lilifunguliwa Kokura, mji uleule aliokuwa tarishi.

Hata kwetu Afrika Mashariki upelelezi una heshima yake. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka wa 1960, miaka ileile ambayo Matsumoto alikuwa akivuma.

Wenzangu, simwambii mtu aache masomo. Matsumoto alikosa shule, hakuikimbia. Ninachosema ni kwamba asiyefaulu leo asizike kalamu yake. Na walimu wetu wapendwa, mkitukuta na kitabu cha upelelezi, tafadhali msikinyang'anye kabla ya kutuuliza kinahusu nini. Huenda tukawa na la kuwaambia.