Ufilisi wa Mtengenezaji na Hatima ya Fidia

Wahenga walinena kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Katika kesi za fidia dhidi ya watengenezaji wa bidhaa zenye madhara, kauli hii hupata uzito wa pekee pindi mdaiwa anapotangaza ufilisi. Ikumbukwe kwamba hukumu si fedha. Mdai anaweza kushinda kesi na bado akarudi nyumbani mikono mitupu. Lugha yenyewe inalidokeza jambo hili, kwa kuwa maneno mufilisi na fulusi yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu.

Mfano bora ni kampuni ya Johns-Manville ya Marekani, iliyotengeneza bidhaa za asbesto, madini yasiyoshika moto ambayo yameezeka nyumba nyingi hapa Kenya pia. Anayevuta vumbi lake huweza kupata maradhi ya mapafu au saratani baada ya miaka 20 hadi 40. Mnamo mwaka wa 1973, katika kesi ya Borel, mahakama ya rufani ilishikilia kwamba watengenezaji waliokosa kuwatahadharisha wafanyakazi wanapaswa kuwajibika. Kufikia Agosti 1982, Manville ilikabiliwa na kesi zipatazo 16,500.

Tarehe 26 mwezi huo, kampuni iliomba hifadhi ya sheria ya ufilisi. Wengi walipigwa na butwaa, kwani thamani yake ilizidi dola bilioni 1. Haikuwa imefilisika kwa maana tuijuayo mitaani. Ilihofia madai ya wagonjwa ambao hata hawakuwa wameanza kukohoa. Ombi hilo lilisimamisha kesi zote papo hapo, na mizani ya majadiliano ikageuka. Awali, wakili wa mdai aliweza kukataa kiasi kidogo akitumaini kikubwa zaidi mbele ya mahakama. Sasa mteja wake alikuwa kwenye foleni pamoja na wadai wengine, nyuma ya wakopeshaji wenye dhamana, na ugonjwa haungoji foleni. Kukubali kidogo hakukuwa woga, kulikuwa hesabu.

Kampuni nayo ilikuwa na hesabu yake. Nje ya ufilisi, kila suluhu humwalika mdai mwingine. Ndani ya ufilisi, madai yote, ya sasa na ya baadaye, hufungwa katika kapu moja. Mpango ulioidhinishwa mwaka wa 1986 ulizaa hazina ya amana iliyoanza kazi mwaka wa 1988 ikiwa na fedha na hisa nyingi za kampuni. Manville iliendelea na biashara. Waathiriwa wakaelekezwa kwenye hazina. Mnamo 1990 mahakama ililazimika kusimamisha malipo kwa uhaba wa fedha. Malipo yaliporejea mwaka wa 1995, mdai alipewa asilimia 10 ya thamani ya dai lake, na mwaka wa 2001 asilimia 5 tu.

Mwaka wa 1994, Bunge la Marekani liliuhalalisha mtindo huu kwa kesi za asbesto, kwa sharti kwamba asilimia 75 ya wadai wanaopiga kura waunge mkono. Hata hivyo, mlango huo haumfungukii kila abishaye. Kuanzia mwaka wa 2021, Johnson & Johnson ilijaribu mara tatu kuyapeleka madai kuhusu poda yake ya talki kwenye ufilisi kupitia kampuni tanzu. Maombi yote matatu yalikataliwa, la mwisho Machi 2025, na kampuni ikatangaza kuwa itarudi mahakamani kupambana na kesi hizo.