Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Kitabu, kaye na mtoto wa mchimbaji

Vitabu vitatu vya Afrika, karatasi moja, nusu saa. Kwa wazazi wa Kisangani na wa shantie za Tshopo, hii ni njia ya kuongea na mtoto mkubwa bila kupiga kelele.

Kila mwaka, mbele ya masomo kufunguliwa mwezi wa 9, swali moja linarudi katika nyumba nyingi za Mangobo, Kabondo na Lubunga: mtoto wa miaka 15 atarudi darasani, ao atafuata wakubwa ku shantie? Mara nyingi mtoto mwenyewe hasemi wazi. Anasema tu: « Wenzangu banapata feza, mimi niko hapa na kaye. Masomo itanipa nini? »

Baba anajibu kwa hasira ao kwa mahubiri. Mama anaomba. Mtoto ananyamaza, na kila mtu anafikiri mambo yamekwisha. Kumbe hayajaanza.

Tusidanganyane: sababu ya kwanza ni feza. Masomo ya msingi ni bure tangu mwaka wa 2019, lakini ya sekondari inalipwa, na minervali hiyo mara nyingi inatoka katika jasho la Banalia, Bafwasende ao Opala. Karatasi hailipi minervali. Lakini kuna watoto ambao wazazi wao wanalipa, na bado wanaacha. Hao wana swali ndani ya kichwa na hawana fasi ya kuliweka. Makala hii inawahusu hao.

Swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu

Katika somo la Kifaransa watoto wetu wanasoma vipande vya waandishi wa Afrika. Wanaulizwa: mwandishi alizaliwa wapi? Mhusika mkuu ni nani? Fupisha sura ya 3. Ni maswali ya lazima, na disertasio ya Exetat inahitaji mtoto anayejua kupanga mawazo. Lakini mtoto anaweza kujibu yote hayo bila kitabu kumgusa hata kidogo.

Kuna swali la namna nyingine. Linamchukua mtu wa kitabuni, linamweka mbele ya mtoto, na kuuliza: ungekuwa wewe, ungefanya nini, na juu ya nini? Hapo hakuna jibu la kunakili kwa jirani. Mtoto anapaswa kupima, kuchagua, na kutoa sababu. Uzuri wake ni huu: anaongea juu ya mtu mwingine, basi haogopi. Kumbe anaongea juu yake mwenyewe.

Mfua dhahabu wa Kouroussa

Tuanze na kitabu ambacho kila mchimbaji angekielewa. Camara Laye alizaliwa Kouroussa, nchini Gine, mwaka wa 1928. L'Enfant noir, kitabu kuhusu utoto wake, kilitoka mwaka wa 1953. Baba yake alikuwa mhunzi na mfua dhahabu. Mwanamke mmoja anamletea dhahabu aliyoikusanya chembe kwa chembe kutoka katika matope ya mto, kazi ya miezi mingi, na anataka pambo la kuvaa siku ya sikukuu. Mtu wa Tshopo aliyesimama ndani ya maji siku nzima na karai mkononi hahitaji mwalimu amweleze mwanamke yule.

Mtoto anatazama baba yake anavyoyeyusha dhahabu. Baba anaijua kazi, anaheshimiwa, lakini anaona pia kwamba masomo itamchukua mtoto wake na kazi ya mikono yake haitapata mrithi. Hata hivyo anamwacha aende: kwanza Conakry ku masomo ya ufundi, kisha Ufaransa. Mama hakubali. Analia, anakasirika.

Mpe mtoto wako moja kati ya maswali haya:

– Kazi ya baba ao mama yako imekufundisha nini ambacho masomo haikukufundisha?

– Baba wa Laye alikuwa na kazi nzuri ya kumrithisha mtoto, na bado alimwacha aende. Alipoteza nini? Alipata nini?

– Andika maneno ambayo mama yako angesema siku ya kukuaga. Kisha andika jibu lako, bila kumdharau.

Swali la kwanza linaanza na heshima, na ni makusudi. Kuna watoto wanaona haya darasani juu ya matope ya baba. Wakipewa nafasi ya kuandika, wanaweza kukumbuka uvumilivu, jicho linalotambua jiwe zuri katika mchanga, na namna ekipe inavyogawana bila kuibiana. Wanaweza pia kuandika upande wa pili: shimo lililoanguka, deni kwa mtu aliyetoa feza za chakula na vyombo, baba aliyerudi baada ya miezi mitano na homa tu. Pande zote mbili ni za kweli. Mtoto aliyeziandika zote mbili hadanganyiki upesi na rafiki anayeonyesha telefone mpya.

Sheria nayo inasema neno lake: karte ya mchimbaji mdogo inatolewa kwa mtu mzima tu, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 2009 inakataza kumtia mtoto katika kazi za hatari. Lakini mtoto aliyekwisha kuamua moyoni haogopi sheria asiyoiona. Ni lazima aamue mwenyewe pia.

Kany na mtu mwenye feza

Kitabu cha pili ni Sous l'orage cha Seydou Badian wa Mali, kilichotoka mwaka wa 1957. Kany ni msichana anayesoma, anampenda Samou, kijana mwanafunzi. Baba yake, Benfa, amechagua mwingine: Famagan, mfanyabiashara tajiri ambaye tayari ana wake. Ndani ya nyumba, kaka mmoja, Sibiri, anasimama na baba. Mwingine, Birama, anasimama na Kany.

Badilisha majina, utaona nyumba unayoijua. Mtu anarudi kutoka shantie na feza nyingi, ananunulia familia mchele na bati za nyumba, na msichana wa miaka 16 anaanza kusikia kwamba masomo imemtosha. Sheria yetu inasema ndoa ni kuanzia miaka 18, kwa msichana na kwa mvulana. Lakini mezani, wakati wa kula, nani anaitaja?

– Benfa si mtu mbaya. Alifikiri anamtafutia binti yake nini? Alikosea fasi gani?

– Sibiri na Birama: wewe ungekuwa nani? Sema ukweli, hata kama hautupendezi.

– Kuna feza ambayo familia yako haipaswi kuipokea? Kutoka kwa nani, na juu ya nini?

Maswali haya si ya wasichana peke yao. Mvulana atakayejibu swali la pili leo ndiye kaka ambaye kesho dada yake atamkimbilia, ao atamkimbia.

Musolinga na mamba wa mto

Kitabu cha tatu ni chetu kabisa. Ngando cha Paul Lomami Tchibamba kilipata zawadi ya fasihi Bruxelles mwaka wa 1948, na ni kati ya vitabu vya kwanza vilivyojulikana vya Mkongo kwa Kifaransa. Mtoto Musolinga anaacha kwenda masomo, anakwenda mtoni na marafiki. Mamba, ngando, anamkamata, na katika hadithi mamba yule ametumwa na ndoki. Baba anakwenda kumtafuta kwa roho za maji, lakini sharti alilopewa linavunjika, na mambo yanaisha vibaya.

Watoto wa Boyoma, wanaokua kati ya mto Tshopo na mto mkubwa, hawahitaji kuelezwa mto ni nini. Waulize:

– Musolinga hakuwa peke yake. Ni nani anayekuvuta wewe, na anakuvuta kwenda wapi? Usiandike jina.

– Lawama ni ya nani: ya mtoto, ya marafiki, ya wazazi, ao ya ndoki? Gawa lawama na ueleze.

– Mambo yakiharibika kwetu, tunatafuta sababu wapi kwanza?

Swali la mwisho ni zito. Tunajua watoto waliofukuzwa nyumbani juu ya kuitwa ndoki, mara nyingi wakati feza ilikosekana ao mtu alikufa shimoni. Mtoto mkubwa aliyeshika biki na kujiuliza swali hilo kwa utulivu anaweza siku moja kumtetea mdogo wake.

Mji wetu, kalamu ya nani?

Kuna swali moja zaidi, la mji mzima. Joseph Conrad alifika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka wa 1890, na kitabu alichokitoa baadaye kimefanya dunia ione mto wetu kama fasi ya giza. Mwaka wa 1979 V. S. Naipaul alitoa riwaya juu ya mji usiotajwa jina kwenye kona ya mto, na wasomaji wengi wametambua Kisangani. Wote wawili walikuja kama wageni.

Watoto wa sekondari wa leo walizaliwa baada ya vita ya siku sita, ile ya tarehe 5 hadi 10 mwezi wa 6 mwaka wa 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji. Wazazi wao wanaikumbuka. Mpe mtoto kazi hii: aulize mtu mmoja wa nyumbani alikuwa wapi siku zile, kisha aandike ukurasa mmoja. Mwisho ajibu: mtu huyu alilinda nini kwanza, na mimi ningelinda nini?

Namna ya kufanya nyumbani

Huna kitabu? Mwalimu, mtu wa parokia ao jirani aliyekisoma anaweza kukisimulia jioni moja. Hadithi inatosha. Kisha fuata mambo haya:

– Swali moja tu kwa wiki.

– Aandike kwa Kiswahili, Lingala ao Kifaransa, lugha ile anayowazia. Makosa ya maandishi hayahesabiwi.

– Amwambie msomaji mambo matatu: mtu wa kitabuni alifanya nini, mimi ningefanya nini, na juu ya nini. Akiweza, aongeze la nne: kitu gani kingeweza kunibadilisha mawazo?

– Karatasi ni yake. Akitaka kuisoma kwa sauti, sikiliza hadi mwisho. Akitaka kuificha, mwache.

– Usimpige wala kumcheka juu ya alichoandika. Ukifanya hivyo mara moja, mara ya pili atakuandikia uwongo mzuri.

Mzazi asiyejua kusoma hana haya ya kuona. Mama anaweza kusema: « Nisomee. » Baba aliye mbali naye ana njia: karatasi inasafiri na mtu anayekwenda shantie, ao inasomwa kwa telefone siku ya rezo. Na baba ajibu swali lile lile upande wake. Mtoto hajawahi kumsikia baba akisema angechagua nini kama angekuwa na miaka 15 tena. Baba wengi nao hawajawahi kuulizwa.

Walimu wanaweza kuanza na dakika 15 za siku ya Ijumaa, bila pointi, bila biki nyekundu. Atakayezoea kusema « ningefanya hivi, juu ya hivi » atafika ku disertasio na sababu zake mwenyewe, si za kukariri.

Inawezekana mtoto aandike kwamba anataka kwenda shantie. Usichane karatasi. Amekuambia kwa maneno yake, mbele ya kuondoka, na bado uko na wakati wa kuongea naye. Muulize swali la nne.