Kuitikia si Kusoma

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ukipita asubuhi karibu na shule yoyote ya msingi hapa mjini utasikia darasa zima likisema kwa sauti moja: ba, be, bi, bo, bu. Ni sauti tamu. Mzazi aliyemwacha mwanawe getini huondoka ameridhika kwamba kazi inafanyika. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka mingi sauti hiyo iliniridhisha hata mimi. Leo nataka kueleza kwa nini siiamini tena.

Nilikuwa na darasa la nne, watoto zaidi ya tisini, watatu watatu au wanne wanne kwa dawati. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja mtulivu, hana ugomvi na mtu, na wenzake wakisoma naye anasoma. Siku moja nikamwambia asimame asome peke yake. Akasoma vizuri, bila kukwama. Nilipomkaribia nikaona kitabu chake kimefunguliwa ukurasa mwingine kabisa. Alikuwa ameyashika maneno yote kwa kichwa.

Darasa likacheka, nami nikalichekesha zaidi. Kisha nikamchapa viboko viwili kwa udanganyifu. Siku nne hakuonekana shuleni. Siku ya tano akaja na bibi yake. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza: "Mwanangu, huyu mtoto uliyemchapa, amekataa kujua au hajafundishwa?"

Sikuwa na jibu. Nikampa kiti.

Ndugu msikilizaji, Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayeanza kusoma. Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka. Mtoto akizijua silabi, anaweza kusoma hata neno ambalo hajapata kulisikia tangu azaliwe. Kwa hiyo mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma Kiswahili hakushindwa na ugumu wa lugha. Kuna ngazi moja aliiruka huko nyuma, na hakuna aliyemwona akiiruka.

Hakuonekana kwa sababu ya ule wimbo wetu. Watoto tisini wakiitikia pamoja, thelathini wanaojua huwabeba sitini wanaofuata midomo yao. Mwalimu husikia sauti moja, naye hudhani ni akili moja.

Baada ya bibi yule kuondoka nilimwita mvulana, nikaandika ubaoni silabi moja tu: "bu". Akanyamaza, halafu nikasikia ananong'ona: ba, be, bi, bo... bu! Hapo ndipo nilipoelewa. Alijua wimbo, hakujua herufi. Ilimpasa aanze mwanzo wa wimbo ndipo afike mahali nilipomwuliza. Sasa mtu wa namna hiyo atasomaje neno "buibui"?

Dawa yake haikuwa ya gharama. Nilikata maboksi ya sabuni, nikaandika silabi moja moja, nikazichanganya kama karata. Kila siku baada ya masomo tulikaa robo saa, yeye na wenzake kumi na mmoja niliowagundua kwa mtihani ule ule wa silabi moja. Nikajifunza pia kungoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakiuliza swali hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kulijibu wenyewe au kumrukia mwingine; wakingoja sekunde tatu, watoto hujibu zaidi na kwa maelezo marefu. Sekunde tatu! Muda wa kumeza mate. Nami nilikuwa siwapi hata hizo.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa ya kufungua milango ya shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Ada ya shule za msingi ikarudi, ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia 2016 ikaondolewa hadi kidato cha nne. Kila mara watoto walimiminika kuliko madarasa na walimu waliokuwapo. Sijutii mlango kufunguliwa; mvulana wangu asingeingia bila hivyo. Lakini kuingia darasani ni jambo moja na kufundishwa ni jingine. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Mtoto anayefuata midomo ya mwenzake hadadisi kitu. Anajificha.

Basi imani yangu ya ualimu leo ni fupi. Mwalimu hapimwi kwa wale wanaonyoosha mikono. Wengi wao wangejua hata bila yeye. Kazi yake ni kumtafuta aliyejificha ndani ya wimbo, na kumtafuta bila kumwaibisha, maana akiaibishwa atajificha mbali zaidi.

Nawe mzazi unayo sehemu yako. Usiku wa leo chukua gazeti lolote, hata lile lililofungia maandazi. Weka kidole kwenye neno moja katikati ya habari, umwambie mwanao alisome. Kisha ngoja. Akishindwa, usimpige. Njoo shuleni utuulize swali la yule bibi.

Mvulana wangu alichukua miezi mitatu. Siku aliyosoma ukurasa asioujua, alisoma polepole, akikwama kila mstari. Kilikuwa kisomo kibaya kuliko kile cha kwanza, nami sijapata kusikia kilicho bora.

Tukutane juma lijalo.